Bando, saa na umeme: kupanga kozi ya mtandaoni chuoni Dodoma

Fungua kozi nyingi za mtandaoni za vyuo vyetu, utakuta picha ileile: orodha ya PDF kuanzia "Lecture 1" mpaka "Lecture 14 final FINAL", na chini kabisa jukwaa la majadiliano ambalo hajaandika mtu. Hilo ni kabati la makaratasi, tena halina mtunza kabati. Moodle, programu ya kuendeshea kozi za mtandaoni ambayo vyuo vingi nchini vimeisimika, ilitengenezwa na Martin Dougiamas kule Perth, Australia. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2002, na mpaka leo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ina vyumba vingi ambavyo wahadhiri wengi hawajawahi hata kuchungulia.

Andiko hili linamhusu anayepanga kozi kabla muhula haujafunguliwa, na mtu wa TEHAMA atakayepigiwa simu siku ya test. Mwanafunzi wa kumuweka akilini ni yule aliyepanga chumba Ng'ong'ona au Makulu, ana simu moja ya Android, na bando analinunua kwa kuangalia bumu (mkopo wa kujikimu) limebaki kiasi gani. Wikiendi anaweza kuwa Kongwa, Kondoa au Manyoni. Ukimpangia huyo, wa hosteli mwenye laptopu na waifai atafaidi vilevile. Ukimpangia wa hosteli, huyu umemwacha.

Hesabu MB kabla hujapakia chochote

Kikao cha video kinachotumia megabiti 1 kwa sekunde kinameza MB 450 kwa saa. Mhadhara wa saa mbili ni MB 900. Muhula wa wiki 15 unakuwa GB 13.5 kwa kozi moja, na mwenye kozi sita anatakiwa awe na GB 81. Hakuna bumu linalobeba hiyo.

Chukua sauti peke yake. Rekodi ya dakika 50, mono, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni MB 12. Ongeza PDF ya MB 1.5, wiki nzima inakuwa MB 13.5, muhula mzima kama MB 200, kozi sita GB 1.2. Somo ni lilelile, ila limefupishwa, na gharama imeshuka zaidi ya mara 60. Ndiyo maana kikao cha moja kwa moja tunakiweka kwa maswali na majibu tu, dakika 40 hivi, kamera zikiwa zimezimwa. (Zoom ya bure nayo inakata kikao baada ya dakika 40, kwa hiyo mpango na kikomo vinakutana.)

Kurekodi hakuhitaji studio. Simu iwekwe mezani, shibiri moja hivi kutoka mdomoni, feni izimwe na madirisha yafungwe, kwa sababu upepo wa kiangazi wa Dodoma ukiingia kwenye maikrofoni hakuna programu itakayoutoa vizuri. Ukate mhadhara vipande vitatu vya dakika 15 hadi 17. Kipande kifupi kikikatika katikati ya kupakuliwa, hasara ni MB 4, si 12. Na unapozungumza taja namba ya slaidi: "tuko slaidi ya 7, angalia mchoro wa kulia." Bila hilo, anayesikiliza kwenye daladala ya kwenda Sabasaba hajui uko wapi. Faili likishakuwa kwenye kompyuta, mstari mmoja wa ffmpeg (programu ya bure ya kubadilisha faili za sauti na video) unatosha:

ffmpeg -i mhadhara3.wav -ac 1 -c:a libmp3lame -b:a 32k mhadhara3.mp3

Hiyo "-ac 1" ndiyo inayoifanya mono. Sauti ya mtu mmoja haina haja ya spika mbili, na ukiacha stirio, hizo kilobiti 32 zinagawanywa na sauti inaanza kusikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Opus, aina nyingine ya faili la sauti, ingekuwa nzuri zaidi, kwa kilobiti 24 dakika 50 ni MB 9, lakini kuna simu zinazolikataa faili lake, na hutaki kutumia wiki ya kwanza kuelekeza watu wapakue programu ya kuchezea. MP3 haina maneno.

Kwenye PDF, adui ni picha. Ukurasa wa A4 uliopigwa skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 una nukta 2480 kwa 3508. Kwa dpi 150 ni 1240 kwa 1754, yaani robo tu ya nukta hizo, na maandishi ya kuchapwa bado yanasomeka bila shida. Kwa mwandiko wa penseli au milinganyo yenye vijinamba vidogo panda mpaka 200. Skani iwe ya kijivu, siyo ya rangi, isipokuwa mchoro wenyewe unahitaji rangi. Anayepiga picha daftari kwa simu ya megapikseli 12 na kuzibandika kwenye Word kurasa 20 anaweza kutoa faili la MB 60 au zaidi. Mwanafunzi atalifungua mara moja, atalifuta, kisha atamwomba mwenzake amrushie.

Slaidi zipelekwe kama PDF. PowerPoint yenyewe ikifunguliwa kwenye simu, fonti hubadilika na maneno hutoka nje ya visanduku. Kabla ya kuihifadhi, punguza picha zake ziwe ppi 150 na uweke alama ya kufuta sehemu zilizokatwa, maana PowerPoint ukikata picha inaificha tu ile sehemu na kuendelea kuibeba. Kuna jambo lingine linalosahaulika sana: PDF ya skani ni picha, na kwa mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, hiyo picha ni bubu. Ipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha jaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Isipochagulika, haisomeki kwake.

Video iwepo pale ambapo jicho linahitajika kweli: namna ya kushika pipeti, namna ya kusimamisha mashine ya kupimia ardhi. Dakika tano kwa kilobiti 400 kwa sekunde ni MB 15. Zikizidi hapo, weka YouTube kwa njia ya linki isiyotafutika, mwanafunzi ajichagulie ubora wa 240p, na seva ya chuo ipumzike.

Kuna programu ya simu ya Moodle, na faida yake kubwa hapa ni moja: mwanafunzi anapakua kozi akiwa kwenye waifai ya chuo, anaenda kusoma nyumbani bila data. Hilo linawezekana kama umeweka faili, folda au ukurasa ndani ya mfumo. Ukiweka linki za Google Drive tupu, anapakua orodha ya linki. Faili la zip nalo ni mateso kwenye simu. Hata jaribio la mazoezi linaweza kufanywa nje ya mtandao kupitia programu hiyo ukiruhusu kwenye mipangilio yake, ila lisiwe na kikomo cha dakika. Lenye saa inayohesabu halikubali.

Saa ngapi, na ya nani?

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa muhula unapoanzia, na chanzo chake ni cha kizamani kuliko kompyuta.

Mfumo unaandika 12:00 AM, Friday. Mhadhiri alikusudia Ijumaa ikiisha. Mfumo unajua ni Ijumaa ikianza, yaani Alhamisi saa sita usiku. Mwanafunzi mmoja anasoma saa 12, kwa hesabu yake ni alfajiri au magharibi. Mwingine anamuuliza CR (mwakilishi wa darasa), naye anaandika kwenye kundi "deadline Ijumaa usiku". Na usiku wa Ijumaa ni upi? Kwa hesabu ya kale ya Waswahili siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ndio ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa watu wengi wa bara leo ni ule unaofuata. Watu wanne, saa nne tofauti, na wote wana haki kwa namna yao.

Kwa hiyo usitumie saa sita usiku kamili kamwe. Mahali pa maelezo ya zoezi andika saa kwa namna zote mbili: "Mwisho ni Alhamisi tarehe 14, saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00 AM." Ndiyo, lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, lakini maelekezo ya namna ya kuwasilisha hayapimi Kiingereza cha mtu, yaandike kwa Kiswahili pia.

Kwa nini saa nne asubuhi? Mazoea ni kufunga 11:59 PM, saa 5:59 usiku, na mazoea hayo ni mabaya mara mbili. Ofisi zimefungwa, kwa hiyo faili likikwama hakuna wa kumpigia. Pia bando za usiku za mitandao mingi, ambazo ni nafuu, huanza saa sita usiku: umefunga mlango dakika moja kabla mwanafunzi hajapata data ya bei rahisi. Ukifunga saa nne asubuhi ya siku ya kazi, ana usiku mzima wa kupakia, na akishindwa, ana saa mbili za ofisi kuomba msaada.

Halafu kuna ukanda wa saa. Seva nyingi husimikwa zikiwa na saa za UTC (saa ya kimataifa), na Tanzania iko saa tatu mbele. Mhadhiri ambaye akaunti yake inafuata saa za seva akiweka 23:59, anaweka 23:59 ya UTC. Mwanafunzi ambaye wasifu wake umesoma Africa/Dar_es_Salaam anaona 2:59 AM, saa 8:59 usiku. Kila mmoja anapiga picha ya skrini kumwonyesha mwenzake kwamba anadanganya. Dawa iko kwa msimamizi wa mfumo: kwenye mipangilio ya mahali, chagua Africa/Dar_es_Salaam kuwa ya wote, na lazimisha akaunti zote ziifuate. Kazi ya dakika mbili.

Zoezi lenyewe lina tarehe tatu zinazomgusa mwanafunzi. Ya kufunguliwa inaeleweka. "Due date" haizuii chochote. Mwanafunzi anaweza kuwasilisha baada yake na mfumo utaandika tu kwamba amechelewa siku ngapi. Inayofunga mlango ni "Cut-off date". Wengi wanajaza "Due date", wanaiacha "Cut-off date", kisha wanashangaa kazi zinaingia wiki tatu baadaye. Pendekezo letu: acha pengo la saa 48 kati ya hizo mbili, na tangaza mapema adhabu ya kuchelewa ndani ya pengo hilo. Zingatia pia kile kipengele cha kumtaka mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha. Ukikiwasha, atakayepakia faili bila kubonyeza, kazi yake inabaki rasimu. Yeye anaona faili lake lipo, wewe unaona hajawasilisha. Kwa mwaka wa kwanza kizime tu.

Aina ya faili iwe PDF peke yake, kikomo MB 5. Ukiacha kila kitu kiruhusiwe utapokea picha kumi na mbili za HEIC (aina ya faili la picha la baadhi ya simu) zilizolala ubavu.

Jaribio: hapa usikurupuke

Saa ya jaribio inahesabiwa kwenye seva. Simu ikizima, umeme ukikatika, mnara wa simu ukilala, saa inaendelea kutembea. Habari njema ni kwamba Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja, ikiwa mtandao upo, na kila mwanafunzi anapogeuza ukurasa. Akiingia kwa simu ya jirani anaendelea alipoishia. Mwambieni hivyo kabla ya siku ya test, kwa sababu wengi wakishakatika huamini kila kitu kimepotea na hawarudi.

Weka maswali matano kwa ukurasa. Swali moja moja kwa maswali 20 ni safari 20 za kwenda seva na kurudi, na kwenye mtandao dhaifu kila safari ni nafasi ya kukwama. Yote 20 kwenye ukurasa mmoja nayo si salama, hasa yakiwa na picha.

Muda ukiisha, chagua majibu yawasilishwe yenyewe. Kuna chaguo lingine linalosema jaribio lisilowasilishwa kabla ya muda kuisha halihesabiwi. Huko ndiko mwanafunzi aliyejibu maswali 19 anakopata sifuri kwa sababu bando liliisha kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Hatuoni sababu yoyote ya kulitumia hapa. Kumbuka pia kwamba ukiweka dakika 40 na jaribio linafungwa saa 4:00, aliyeanza saa 3:45 ana dakika 15 tu.

Aliyekatikiwa na umeme kweli hupewa nafasi ya peke yake: ndani ya jaribio fungua sehemu ya kubadilishia masharti kwa mtumiaji mmoja, mtafute, mwongezee jaribio la pili au saa ya kufunga. Usibadilishe saa ya jaribio zima kwa ajili ya mtu mmoja. Utawafungulia na wale waliomaliza vibaya wakatamani kurudi.

Wizi wa mtihani unapunguzwa zaidi na benki ya maswali kuliko na kamera. Hesabu yake ni rahisi: ukiwa na maswali 20 yanayochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye benki ya 40, wanafunzi wawili waliokaa pamoja watakuwa, kwa wastani, na maswali 10 yanayofanana. Benki ya 60, kama 7. Benki ya 100, 4. Gawa benki kwa mada na ugumu, kisha chota idadi sawa kila fungu, la sivyo mmoja atapata rahisi zote na malalamiko yake yatakuwa ya haki.

Kuandika maswali 60 moja moja ndani ya mfumo kunachosha, kwa hiyo andika kwenye Notepad kwa mtindo wa Aiken, uhifadhi kama .txt ya UTF-8, uingize yote kwa mkupuo:

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka gani?
A. 1961
B. 1967
C. 1973
D. 1985
ANSWER: C

Swali zima likae mstari mmoja. Herufi za majibu ziwe kubwa, zifuatwe na nukta au mabano ya kufunga, kisha nafasi. Neno ANSWER liwe hivyohivyo kwa herufi kubwa hata kama maswali yako ni ya Kiswahili. Anayeandika "JIBU: C" faili lake linakataliwa. Acha mstari mtupu kati ya swali na swali, usiuweke katikati ya swali. Faili la Word halikubaliwi, usijaribu kulibadilisha jina.

Kosa jingine la gharama liko kwenye visanduku vya nini mwanafunzi aone na lini. Viko safu nne: wakati wa jaribio, mara tu baada ya kuwasilisha, baadaye jaribio likiwa bado wazi, na baada ya kufungwa. Ukiacha alama ya jibu sahihi kwenye safu ya pili, aliyemaliza dakika ya 12 anapata majibu yote, na dakika ya 13 yako WhatsApp. Majibu yaonekane safu ya nne tu.

Wanafunzi 400 wakiambiwa waanze saa 2:00 kamili, seva inaumia dakika ya kwanza kuliko dakika 39 zinazofuata. Kuhifadhi kila dakika kwa watu 400 ni maombi kama 7 kwa sekunde, mzigo wa kawaida. Ila kuingia, kufungua kozi na kuanza jaribio kwa pamoja ni rundo. Fungua dirisha la saa mbili kwa jaribio la dakika 40, au gawa makundi kwa saa tofauti. Ile tabia ya kutoa neno la siri la jaribio kwenye kundi la WhatsApp saa 2:00 juu ya alama inatengeneza rundo hilohilo kwa mikono yako mwenyewe.

Baada ya jaribio, soma ripoti ya takwimu za maswali. Kielelezo cha urahisi kinaonyesha asilimia waliopata swali. Kile cha ubaguzi kinaonyesha kama wanaofanya vizuri kwa jumla ndio waliolipata. Kikiwa hasi, mara nyingi umekosea ufunguo wa jibu. Sahihisha ufunguo, amuru mfumo usahihishe upya, halafu ndipo utangaze alama. Kinyume chake kinaleta foleni mlangoni.

Majina, namba na alama

Namba za usajili za vyuo vyetu nyingi zina mikwaju, na Moodle kwa kawaida haikubali mkwaju kwenye jina la kuingilia: inataka herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, mstari wa chini na alama ya @. Badilisha mikwaju iwe vistari kwa kanuni moja, na namba halisi iweke kwenye kisanduku chake cha namba ya utambulisho, utaihitaji wakati wa kuhamisha matokeo. Angalia pia Excel isile sifuri za mwanzo. Safu ya namba iwe ya maandishi kabla ya kubandika.

Alama. Vyuo vingi vina 40 za coursework na 60 za UE (mtihani wa mwisho). Tuseme test mbili za 15 kila moja na zoezi la 10. Kwenye kila jaribio weka alama ya juu 15 hata kama lina maswali 20. Mfumo utapunguza wenyewe. Mtego uko kwenye nafasi tupu: kitabu cha alama kwa chaguomsingi hakihesabu kazi isiyofanywa. Mwanafunzi aliyepata 12 kati ya 15 kwenye test ya kwanza na hakufanya kingine anaona 80%, analala usingizi, anaamka na supp (mtihani wa marudio). Muda wa kila kazi ukipita, jaza sifuri kwa wasiofanya.

Matokeo hayo yasiende WhatsApp kama jedwali la majina na alama. Kila mtu aone yake ndani ya mfumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na jedwali la darasa zima kwenye simu za watu 400 ni vigumu kulitetea. Kundi la WhatsApp lenyewe usipigane nalo, utashindwa. Lifanye mbiu: "Zoezi la 2 limefunguliwa, linki hii hapa." Kazi na maswali yake yabaki kwenye mfumo. Ukitangaza kupitia jukwaa la Moodle, jua kwamba barua pepe haitoki papo hapo. Kuna dakika 30 za kusahihisha ulichoandika kwanza.

Kwa mtu wa seva

Vitu vinne vinavyoleta simu za asubuhi. PHP, lugha inayoiendesha Moodle, ikiwa ndiyo kwanza imesimikwa inaruhusu faili la MB 2 na fomu nzima ya MB 8, kwa hiyo upload_max_filesize na post_max_size zipandishwe zote mbili. max_input_vars kwa chaguomsingi ni 1000, wakati Moodle za sasa zinataka 5000. Ikiwa ndogo, ukurasa mrefu wa alama unaweza kuhifadhi sehemu ya juu na kuitupa ya chini bila kelele. PHP-FPM (sehemu inayohudumia maombi ya watumiaji) kwenye Debian huja na michakato 5 tu: unaweza kuwa na seva ya GB 16 ambayo watu 395 wanapanga foleni. Ukitenga GB 6 kwa hifadhidata na mfumo endeshi, na kila mchakato ukila MB 80 hivi, GB 10 zinabeba 125. Hapo uko chini ya miunganisho 151 ambayo MariaDB inaruhusu kwa chaguomsingi. Ukivuka bila kuipandisha, skrini inaandika kwamba hifadhidata haipatikani.

Cha nne ni cron, inayoendesha kazi za seva kwa ratiba. Iende kila dakika:

* * * * * /usr/bin/php /var/www/html/moodle/admin/cli/cron.php >/dev/null

kwa akaunti ya mtumiaji wa wavuti, siyo ya root. Ikisimama, tovuti inaonekana nzima lakini barua pepe hazitoki, na majaribio ya waliokatikiwa na umeme hayawasilishwi yenyewe. Nakala rudufu ibebe hifadhidata, folda ya moodledata na config.php, kukosa kimoja ni kukosa vyote. UPS (betri ya akiba) ni ya kuipa seva muda wa kujizima kwa adabu, kwa hiyo iunganishe na programu itakayotoa amri hiyo, maana umeme ukikatika saa nane usiku hakuna mtu pale.

Mwaka ukiisha, usifute wanafunzi na kuingiza wapya kwenye kozi ileile. Alama za zamani zinaweza kudaiwa bado. Toa nakala ya kozi bila taarifa za watumiaji, faili la .mbz, ifungue kwenye kozi mpya yenye tarehe mpya ya kuanza. Kisha pitia kila zoezi na kila jaribio kwa mkono. Lililobaki na tarehe za mwaka jana litaonekana limefungwa siku unayolitangaza, na simu ya kwanza utakayopokea itakuwa ya CR.